Mawe ya Kioo ya Ba

Dinesh alinipigia simu nikiwa nakaanga vitunguu, na kwa jinsi alivyolitamka jina langu, nilijua. "Yustina," akasema, "Ba ametutoka alfajiri. Usijisumbue kuwahi, leo hii tunamchoma." Nilizima moto, nikaanza kutafuta begi kabla sijaanza kulia. Ndivyo nilivyoumbwa. Wengine wakipatwa na msiba hukaa chini. Mimi hutafuta viatu. Sasa nimo ndani ya treni ya kwenda Tabora, na tangu tuondoke Dodoma sijakaa kitini kukaa kwa kueleweka. Nasimama koridoni, narudi, nafungua dirisha, nalifunga. Mama niliyepangwa naye chumba kimoja ameniuliza kama tumbo linanisumbua. Nimemwambia nakwenda msibani, akanipa pole na ndizi mbili. Kituo cha Tura nimeshuka nikanunua chupa ya asali bila kujua nampelekea nani, maana aliyekuwa akiipenda ndiye huyo waliyemchoma.

Nitasimulia mwaka mmoja tu, ule niliokaa nyumbani kwake. Ya kijijini kwetu Lusu, nani alizaa nani na nani alilima nini, hayana kazi hapa. Itoshe kwamba nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, nasubiri nafasi ya chuo ambayo haikuonekana kuwa na haraka na mimi, na padri mmoja aliyemfahamu Ba akanipeleka kwake mjini nikamsaidie dukani. Ba lilikuwa neno la kwao Wahindi la kumwita mama, na mtaa mzima, Waswahili kwa Wamanyema, tulimwita hivyo hivyo. Alikuwa mjane, mwembamba, mwenye sauti nene isiyolingana na mwili wake, na macho yake yote mawili yalikuwa yameingiwa na mtoto wa jicho. Alikuwa akiuza daftari, kalamu, wino, gundi na karatasi, nyuma ya soko, katika duka lenye milango miwili iliyoachwa wazi kutwa. Kiangazi upepo wa Tabora hauna adabu. Huingia mlango huu na kutokea ule, umebeba vumbi jekundu na chochote kilichoandikwa, na ndiyo maana juu ya kaunta kulikuwa na yale mawe.

Vitabuni huitwa vigandamizo vya karatasi. Sisi tuliyaita mawe ya kioo, au mawe tu. Ni madonge ya kioo ya kuenea kiganjani, na ndani yake kuna maua, au vipepeo, au vipande vya rangi vilivyopangwa kwa duara. Marehemu mume wa Ba aliyakusanya maisha yake yote. Wazungu walipofunga ofisi na kuondoka, yeye alikwenda kuwaaga na kurudi na jiwe. Wahindi wenzake walipofungasha virago, alirudi na jiwe. Yalijaza kabati zima la ukumbini, na mengine yalifanya kazi dukani kama punda. Mimi nililala stoo, kati ya marobota ya karatasi, mahali palipokuwa na harufu ya gundi, ubani na panya. Usiku wa kwanza nilipaona pazuri. Wiki ya pili nilikuwa nimeshayahesabu mabati ya paa na kuanza kuwaza nitaondokaje.

Chakula kilikuwa wali, dengu, chapati nyembamba na achari ya maembe iliyonitoa machozi. Nyama haikuingia mle ndani hata kwa jina. Jumapili nilikuwa nasingizia kanisa na kutorokea sokoni kula utumbo kwa ndizi, na nikirudi Ba hunusa hewa na kusema kwa upole, "Leo Yustina ametoka kanisani." Hakunikataza. Jioni tulikaa jikoni, yeye akichambua mchele kwa ncha za vidole vizuri kuliko mimi kwa macho, na simu ya koridoni ikilia alikwenda akipapasa ukuta. Alikuwa akizungumza na Dinesh, mwanawe wa pekee, aliyekuwa na duka Dar es Salaam. Walisema Kigujarati, lakini maneno ya Kiswahili yalichomoza humo kama mawe kwenye mchele: macho, upweke, duka, treni. Kwa maneno hayo manne nilielewa kila kitu. Dinesh alitaka kufunga duka na kumchukua mama yake. Ba hakutaka.

Na mimi, ambaye nilikuwa nikiota kuondoka kila nilipofumba macho, sikutaka Ba aondoke. Najua haina mantiki. Nilimpenda. Tena alikuwa mtu wa kwanza kunipa kazi iliyonituliza, hata kama ni kwa saa moja kwa siku. Mnunuzi mmoja wa Dar alikuwa tayari kuyatazama mawe, lakini kwanza alitaka kujua kila moja limetoka wapi na lina umri gani. Ba alijua. Mumewe alikuwa amemfundisha. Ila hakuona tena, kwa hiyo tukagawana: vidole vyake, macho yangu.

"Ligeuze," alikuwa akiniambia. "Kitovu kikoje?" Kila jiwe lililotengenezwa kwa mkono lina kitovu chini yake, pale fundi alipolikata kutoka kwenye fimbo ya chuma likiwa bado la moto. Kingine kimeachwa na makovu, kingine kimesagwa kikawa cheupe kama barafu, kingine kimechongwa vizuri kikawa shimo la kung'aa. Jiwe lisilo na kitovu, lenye mstari ubavuni ulioachwa na kalibu ya kumiminia kioo, lilitoka kiwandani kwa maelfu, na Ba aliliweka kando bila chuki. Kisha mikwaruzo. "Inakwenda wapi?" Ikienda kila upande, kwa duara, pale tu panapogusa meza, basi jiwe limeishi. Ikienda upande mmoja, ni mtu na msasa wake anataka kukudanganya. Kisha uzito, kisha maua. Maua yale hukatwa kutoka vijiti vya kioo, pingili kwa pingili kama muwa, na kila nchi ilikata kwa namna yake. Ya Ufaransa mazito na safi kama maji. Ya Uskoti yamepangwa kwa mistari kama njiti za gurudumu la baiskeli. Ya Venisi yana maua makubwa yaliyobanana. Mara ya kwanza nilipotaja nchi kabla yeye hajasema, akasema, "Sasa una macho." Sikulala vizuri usiku ule, kwa furaha. Leo watu wa makumbusho na wanunuzi wa vitu vya kale huniletea kioo wanachodhani ni cha ajabu, nami hukigeuza kwanza kabla sijawasalimia sawasawa, na wananiona sina adabu.

Jiwe moja hatukuligusa. Lilikaa kwenye kona ya Ba ya sala, limepakwa poda nyekundu utosini, na maua yake ya bluu na ya pinki yalionekana kwa shida. Ba alisema lilikuja kifuani mwa babu wa marehemu mumewe, kwa miguu, na msafara uliotoka pwani, kabla reli haijafika Tabora. "Familia hii haikushuka stesheni," alikuwa akimwambia Dinesh kwenye simu, sasa kwa Kiswahili ili na mimi nisikie. "Ilikuja kwa miguu kama Wanyamwezi. Nikaishi Dar kwa sababu gani?" Lilikuwa jibu lake la mwisho kila mara.

Alikuja mwenyewe mwezi wa nane, vumbi likiwa limepamba moto. Alikuwa mtu mzima wa makamo, mnene kidogo, mpole wa sauti, aliyekula chakula cha mama yake kama mtu aliyeshinda njaa. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Siku ya tatu, baada ya chakula cha mchana, waliyarudia yale yale, na nadhani Dinesh alikuwa amechoka. "Ba," akasema, "mnayapima mawe yote. Basi na hilo lipimwe. Kama lilikuja na msafara, sitafungua mdomo tena."

"Na kama halikuja?"

"Utapanda treni na mimi."

Nilimtazama Ba nikimwomba kimoyomoyo akatae. Alikuwa na kila sababu. Angesema ni kitu cha sala, kisiguswe. Lakini Ba alikuwa na kiburi cha watu wanaojua kazi yao. "Haya," akasema. "Yustina, kalilete."

Nililibeba kwa mikono miwili. Lilinyanyuka kirahisi mno. Nikaligeuza. Kitovu kilikuwa kimesagwa ovyo. Maua yalikuwa manene, mengine yamevimba pembeni kama yaliyomwagiwa maji. Nikaliweka juu ya karatasi nyeupe, nikaona nilichokuwa naogopa kukiona. Dinesh alikuwa ameinamia meza. Nilimtazama usoni, na hapo ndipo nilipotambua kwamba naye alikuwa akitamani liwe la kweli.

"Kitovu kikoje?" Ba akauliza. Nikalinyanyua tena, nikaligeuza. Akanyoosha mkono, akalichukua, na mkono wa pili akashika moja la Ufaransa. Akayapima, akapitisha kidole gumba. "Jepesi," akasema. "Linateleza kama sabuni iliyolowa. Rangi yake juu ya karatasi?"

"Ba, mimi..."

"Sikukuuliza unataka nini, binti. Nimekuuliza rangi."

"Njano kidogo, Ba."

"La Kichina," akasema, na sauti yake ilikuwa ile ile aliyotumia kwa mawe mengine. "Lilikuja kwa treni, kama sukari."

Dinesh aliomba tulitazame tena. Alisema pengine mwanga ni mbaya, pengine poda imeharibu rangi, na alisema hivyo mara mbili, mpaka Ba akamgusa mkono anyamaze. Kisha akalifuta ile poda kwa ncha ya sari na kuniambia nikaliweke dukani juu ya risiti. Usiku nilimkasirikia kwa jinsi ambayo sijawahi kumkasirikia mtu. Nilimwambia jikoni kwamba angeniachia mimi, ningesema ni la Ufaransa, na nani angejua. "Najua ungesema," akajibu, akiendelea kuchambua mchele. "Ndiyo maana nililichukua mkononi mwako."

Siku zilizofuata zilikuwa za kamba na makasha. Mnunuzi alikuja akachukua kabati lote. Kuta zilibaki na alama nyeupe za vitu vilivyoondolewa, na sauti zetu zikaanza kugonga ukuta na kurudi. Nilishindwa kukaa mahali pamoja. Nilifagia palipokwisha kufagiwa, nilikwenda sokoni bila kikapu, nilimjibu Dinesh mkato mkato. Nilijua nitarudi Lusu kusubiri chuo. Lakini zaidi nilimwona Ba. Asubuhi alizunguka nyumba nzima akigusa miimo ya milango, mmoja baada ya mwingine. Naikumbuka ile mikono mpaka leo, hapa koridoni, treni ikipiga kelele.

Siku ya safari ilikuwa Jumanne. Treni ilikuwa ya jioni, na mchana mkokoteni ulikuwa mlangoni, mwenye mkokoteni akishindana na kamba. Tiketi mbili, ya Dinesh na ya mama yake, zilikuwa kwenye mfuko wa shati la Dinesh. Nikasikia vigelegele vya msibani, vile vya kejeli. Kundi la watu, wanawake wengi na wanaume wachache, lilikuwa likija katikati ya barabara kutoka upande wa kijiji cha Kwihara, wamejipaka majivu usoni. Mbele yao alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, mnene, amevaa koti jeusi la kiume lisilo na kifungo. Alijichora miwani kwa masizi na kutembea mikono nyuma, tumbo mbele, akikohoa kila hatua ya tatu. Ba alikuwa ameketi kwenye kiti mlangoni. Aliposikia kile kikohozi, aligeuza uso.

"Mwangaluka," mwanamke akatuamkia kwa Kinyamwezi kana kwamba ni asubuhi, akaketi juu ya sanduku kubwa la Ba kwenye mkokoteni. Wenzake wakakaa juu ya mengine. "Nani amekufa hapa?"

"Hajafa mtu, mama," Dinesh akasema kwa adabu. "Tunasafiri. Naomba mshuke."

"Hajafa mtu? Ba, wewe mchoyo. Hata kifo unatunyima? Unataka kwenda kufia Dar, pilau yako waile watu wa Dar?"

"Kalunde, mlafi wewe," Ba akasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya lile jiwe nilisikia sauti yake halisi. "Pilau ya kwetu haina nyama. Umetembea toka Kwihara kwa ajili ya dengu?"

Wakaanza kutukanana, na akutukanaye hakuchagulii tusi. Macho, meno, ubahili, ukoo, hakuna kilichosalimika. Mwingine aliingia dukani akatoka na rula na daftari, hakuomba. Dinesh aliniita pembeni, jasho linamtoka. "Yustina, hawa ni akina nani? Nimwite askari?"

"Ni watani, kaka."

"Watani wa nani?"

"Wenu," nikasema, na nilipolisikia neno lile likitoka kinywani mwangu nikashangaa mwenyewe. Mimi ni Mnyamwezi. Nimekulia utani. Tuna watani kwa kila kabila ambalo babu zetu walipita kwao wakibeba mizigo kwenda pwani na kurudi, maana utani wetu ni mtoto wa njia ile. Mtani huja msibani akamwigiza marehemu, huchukua akitakacho, huzuia jeneza, na kumkasirikia ni aibu. Lakini Mhindi mwenye watani Kwihara sikuwahi kumsikia. Utani haununuliwi dukani, wala haushuki stesheni. Nikamwendea yule mwanamke, nikamwamkia. "Shikamoo, mama. Utani wenu na nyumba hii ulianzia wapi?"

"Marahaba. Huyu hajui?" Alimwonyesha Dinesh kwa kidevu. "Wamemsomesha bure. Babu yao aliletwa na babu yetu."

"Alikuja na nini?" Dinesh akauliza. Alikuwa amesogea.

"Angekuja na nini? Alikuja na homa. Alianguka Ugogo, wenzake wakataka kumwacha porini. Babu yetu akatua robota la nguo alilokuwa amebeba, akambeba yeye mgongoni, anatapika shingoni mwake njia nzima. Akamtua Kwihara. Tangu hapo ninyi ni mzigo wetu. Na mzigo hauondoki mpaka aliyeubeba aseme."

Dinesh alimgeukia mama yake. Ba alikuwa ameshika mdomo. "Hayo wanayasema kila msiba," akasema polepole. "Mzigo, mzigo wetu. Alipokufa baba yako walikuja wakayasema, ndipo walipochukua koti lake. Wewe ulikuwa shuleni ng'ambo. Mimi nilidhani ni matusi kama matusi mengine."

Miezi yote ile tulikuwa tumeyageuza geuza mawe, na watu hawa walikuwa wakija kwa miguu yao kila alipokufa mtu mle ndani. Dinesh akaketi juu ya sanduku, kando ya Kalunde, akavua miwani na kuanza kufuta macho kwa mkono wa shati. "Lia vizuri, Mhindi," Kalunde akamwambia. "Machozi gani hayo ya kubana matumizi?" Kisha akampigapiga mgongoni kama anavyopigwa mtoto aliyepaliwa, akainuka, akaingia dukani akatoka na lile jiwe la Kichina. Akalitia kwenye mfuko wa koti. Ba alisikia linavyogonga kifungo kilichobaki ndani ya mfuko, na hakulidai.

Mwenye mkokoteni alikumbusha kwamba treni itawaacha. Dinesh akainuka, akamwambia, "Shusha." Akashusha naye, kwa mikono yake, kasha kwa kasha, na watani wakiyarudisha ndani hovyo na kugombana chungu kikae wapi. Nami nilibeba kwa furaha. Nilikuwa nimelishika sanduku la mwisho Ba aliponiita.

"Tiketi yangu isipotee," akasema. "Dinesh, mchukue huyu. Utampatia kazi dukani mpaka apate chuo. Kila asubuhi anaamka kama anayefukuzwa."

Nilidhani nimesikia vibaya. Nilikuwa nimemwombea abaki, na katika maombi yale, mimi nilikuwepo, pembeni yake, na mchele kati yetu. "Na macho yako, Ba?" nikasema. "Nani atakuonea?"

"Kalunde ana macho."

"Kalunde ni mwizi."

"Mwizi asiye na macho umemwona wapi?" Kalunde akasema kutoka ndani.

Nilitamani kukataa. Nilitafuta neno la kukataa, na wakati nikilitafuta miguu yangu ilikwishakwenda stoo na mikono inafunga kanga zangu kwa kamba ya karatasi. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba sikukawia. Niliinama mbele ya kiti chake, akanishika uso mzima kwa viganja, paji, pua, kidevu, akapitisha kidole gumba kwenye kovu langu la tetekuwanga juu ya nyusi na kukisimamisha hapo, kama afanyavyo akifika kwenye kitovu. Hakusema limetoka wapi wala lina umri gani. Akaniachia.

Dinesh alikuwa ametangulia. Nilifika kwenye kona ya soko, nikasimama, kwa sababu sikuona njia kwa machozi. Nyuma yangu Ba alikuwa ameketi pale pale mlangoni, ameelekeza uso mahali ambapo sikuwa.

"Ameshapita kona?" nilimsikia akiuliza, kwa sauti ile nene.

"Bado," Kalunde akamjibu. "Amesimama analia kama mbuzi."

"Mwambie aende. Treni haisubiri."

Kalunde hakunionea huruma. Aliokota kokoto barabarani akanitupia, na nikaenda.